Kigae Chetu Kimekubaliwa: Shamba la Mlango

Jumamosi, mwezi wa saba. Mweso.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hadi sikuweza kuona paa la jirani, na sasa jua linawaka kana kwamba halikuchelewa kazini. Nimekaa kibarazani mwa duka la kuchapa na kutoa fotokopi ninapofanya kazi. Bosi hayupo, wateja hawapo, na mimi nina furaha ya mtu aliyeshiba na bado chungu kina ukoko.

Kimekubaliwa!

Shajara yangu, umenivumilia wiki hizi zote nikilialia humu kama ndama aliyeachishwa kunyonya. Leo nivumilie nikijisifu. Nitajisifu vibaya sana na sitaomba msamaha.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza, nieleze. Kuna mchezo wa kompyuta wa kujenga taifa. Ramani yake imekatwa vipande vyenye pembe sita, tunaviita vigae, na juu ya kila kigae unajenga kitu: shamba, mgodi, malisho. Wachezaji wanapokezana zamu. Mchezo huo unaruhusu watu kuuongezea vitu vyao wenyewe, na nyongeza ya namna hiyo inaitwa modi. Mimi na rafiki yangu Bahati tunatengeneza modi ya milima yetu ya Masisi, huku Kivu. Mimi naandika programu, yeye anachora. Tulitaka iingie katika mkusanyo unaotolewa na kundi la watengenezaji wa modi wa nchi mbalimbali, na sharti lao moja lilitutoa jasho: kila taifa liwe na kiboresho chake maalum, yaani kitu cha kujenga juu ya kigae ambacho taifa lingine halina.

Mgodi hatukutaka. Kila mtu akisikia Kivu anachora mgodi.

Mimi ni binti wa mfugaji. Kwetu ni Muheto, na Papa ana ng'ombe anaowaita kwa majina, wakati sisi watoto wake anatuchanganya. Kwa hiyo nilichagua malisho, ningechagua nini kingine? Ng'ombe, majani, maziwa mengi kuliko malisho ya kawaida. Bahati hakubisha. Yeye ni mtoto wa jirani yetu, Mama Bahati, mkulima, na ukoo wao umelima kilima kile tangu zamani ambazo hakuna anayezikumbuka. Tumekua pamoja. Maharagi yao ndiyo yaliyonikuza, na yeye amekunywa maziwa yetu hadi Mama yangu alimtania kwamba ataota pembe.

Balaa lilitokea Jumapili moja baada ya kanisa, tulipokaa kujaribu malisho yangu. Bahati alikuwa ameipamba ramani kwa shamba alilolichora kwa kufuata shamba la mama yake: ua wa miti ya miyenzi kuzunguka, migomba pembeni, kibanda kidogo cha majani. Nilichagua kigae hicho bila sababu, kilikuwa karibu tu. Nikaamuru malisho yajengwe. Kompyuta ikauliza: Kigae hiki kina shamba. Liondolewe?

Nikabonyeza Ndiyo.

Sikufikiri. Yeyote anayecheza michezo hii hubonyeza Ndiyo hapo bila hata kuvuta pumzi. Shamba likatoweka, majani yakaota, ng'ombe wangu wazuri wakatokea wakipunga mikia. Nikapiga makofi. Nilipogeuka nikakuta napiga peke yangu.

"Dada Solange," Bahati akasema, "ulifinya mbio sana. Ile ilikuwa shamba ya mama."

"Iko muchezo tu, kaka."

"Najua iko muchezo. Lakini haukujiuliza ata kidogo. Basi toa michoro yangu. Kama modi iko ya kuondoa mashamba ya wengine, jina yangu isikuwe mu iyo."

Akachukua fleshi yake iliyokuwa na michoro yote, akaenda.

Kwanza nilikasirika. Nikasema moyoni kwamba Bahati ananuna kama bibi harusi. Hasira ilipopoa, nikaona alichokiona. Katika nchi nyingine swali lile ni swali la mchezo. Kwetu Masisi kuna watu waliowahi kuulizwa hivyo kweli, na wengine hawakuulizwa kabisa. Mimi, mtoto wa hapahapa, nilijibu kwa niaba ya mama yake kwa kidole kimoja, kisha nikashangilia.

Bila michoro yake modi ingekufa. Lakini niseme ukweli, kilichoniuma si modi. Niliogopa kumpoteza Bahati.

Nilimwandikia. Hakusoma. Alikuwa ameshuka Kashebere, huko upande wa Walikale, kuuza maharagi na kurudi na mafuta ya mawese kama anavyofanya kila baada ya mavuno. Nikajidanganya kwamba ni mtandao. Wakati huo nilikuwa najaribu kila dawa. Nilikata kigae katikati, nusu shamba na nusu malisho, kikawa kama shati la shule lililoshonwa na fundi mlevi. Nikajaribu kuwapa ng'ombe vigae ambavyo hakuna anayelima, lakini hapo ningekuwa nachora uongo, kwa sababu kwetu hata penye mawe kuna mtu anayejua bibi yake alipanda nini. Siku moja nililia hapa dukani mbele ya mteja aliyeleta cheti cha ubatizo, na nakala yake ikatoka kichwa chini.

Jibu nililikuta nyumbani, tena mchana kweupe.

Nilikwenda Muheto kumsalimu Papa. Mama Bahati alikuwa ameshang'oa maharagi yake na kuyapiga, na shambani yalibaki makapi makavu. Papa aliwatoa ng'ombe akawapeleka kule, kama kila kiangazi, wakati majani ya kilimani yamekauka na maziwa yamepungua. Nikamfuata kwa sababu sikuwa na kazi.

Mlango wa shamba lile ni miti miwili iliyolazwa kwenye uwazi wa ua. Papa angeweza kuiondoa kwa mkono mmoja huku anapiga miayo. Ng'ombe walikuwa wamesikia harufu ya makapi, wanamsukuma mgongoni, na mmoja akapitisha kichwa juu ya mti. Papa akampiga kidogo puani. Yeye mwenyewe alisimama tu. Walikuwa wamekubaliana tangu juzi, siku ilijulikana, saa ilijulikana, na bado hakuigusa ile miti. Mama Bahati alikuwa anaosha sufuria uani kwake. Alimaliza sufuria. Akaja polepole akifuta mikono kwenye kitenge, akaivuta miti mwenyewe, mmoja, kisha mwingine.

"Karibu, Papa Solange. Ingiza."

Ng'ombe wakaingia. Wanakula makapi, wanalala humo mpaka ardhi inapata mbolea ya kutosha, na asubuhi Papa anapitisha maziwa kwa Mama Bahati. Mwezi wa tisa ng'ombe hawapo tena na mama anapanda juu ya udongo mweusi ulionona. Nimeliona jambo hilo tangu utotoni, kiasi kwamba sikuwa naliona tena.

Shamba ni la Mama Bahati. Ng'ombe ni wa Papa. Kigae ni kimoja!

Nilipiga ukelele hadi ndama mmoja akatimua mbio, na Papa akaniuliza kama nimevamiwa na siafu.

Kuliandika jambo hilo katika programu hakukuwa rahisi. Mchezo ule una imani yake, kwamba kigae kimoja kina kitu kimoja na mwenyewe mmoja, na haubembelezeki. Nikauzunguka. Nikaupa kitu kimoja chenye sura mbili, nikakiita Shamba la Mlango. Mkulima anakijenga kwenye ardhi yake, jirani na mchezaji mwenye ng'ombe. Zamu za kwanza ni shamba, kinatoa chakula. Baada ya mavuno mlango unafunguka, ng'ombe wa jirani wanaingia, mwenye ng'ombe anapata maziwa wakati wa ukame, na mkulima anapata mbolea inayoongeza mavuno yanayofuata. Kisha sura ya shamba inarudi. Kilipokubali kuzunguka hivyo bila kukwama nilicheza ngoma humu dukani, na mama anayeuza sambusa mbele yetu akaniletea moja ya bure akidhani nimeposwa.

Lakini Bahati alikuwa amesharudi kutoka Kashebere na hakupita kunisalimu. Basi Alhamisi nikaifunga kompyuta kwenye kitenge, nikapanda pikipiki, nikaenda kukaa uani kwa mama yake. Bahati alikuwepo, anamimina mawese kutoka kwenye bidoni kuingia chupani, mgongo umenielekea. Alinisalimu kama mtu anavyomsalimu mpita njia. Papa alikuwa amekuja na maziwa yake, kwa hiyo niliwageukia wazee wawili nikawaambia leo nyinyi ndio mnacheza.

Ee Mungu wangu. Papa alishika kipanya kwa vidole viwili kama anayemtoa kupe kwenye sikio la ng'ombe. Mama Bahati alikuwa anazungumza na kompyuta kwa sauti kubwa, akidhani ina uziwi. Papa akapewa ng'ombe, mama akapewa kilima. Kwa kuwa michoro ya Bahati sikuwa nayo, shamba nilikuwa nimelichora mwenyewe, na lilionekana kama blanketi lililochanika. Walilalamika, kisha wakazoea. Mama akapanda, zamu zikapita, akavuna, akacheka kwa raha. Hapo miti ya mlango ikaanguka yenyewe na ng'ombe wakaingia.

Kabla mtu yeyote hajafungua kinywa, nilijua.

"Nani amefungua?" Mama Bahati akauliza.

"Mi hapana!" Papa akainua mikono yote miwili kama mtu aliyekamatwa. "Mashini njo imefungua."

"Mashini iko na shamba?"

Nyuma yetu, kwenye mawese, mtu alicheka. Alijifanya anakohoa, lakini kicheko cha Bahati nakijua tangu sijajua kuandika jina langu, na matumaini yakanirudia.

Nilikaa chini palepale nikaanza kurekebisha. Haraka haraka haina baraka, nimejifunza, kwa hiyo safari hii nilikwenda polepole, mdomo umejaa viazi ambavyo Mama Bahati alikuwa ananipa kama anayelisha kifaranga. Nikatengeneza kitufe cha Fungua. Kinatokea kwa mkulima peke yake. Mwenye ng'ombe hana kitufe chochote, ana macho tu. Kisha nikapita kila njia niliyoikumbuka ambayo kwayo mtu anaweza kuingia kigae cha mwingine, nikaziba.

Wakaanza upya. Mavuno yakafika, mlango ukabaki umefungwa. Kitufe kikawaka mbele ya Mama Bahati, naye akakunja mikono kifuani. Zamu ikapita. Maziwa ya Papa yakaanza kupungua.

"Mama Bahati," Papa akasema kwa upole, "makapi iko inakauka."

"Ungoje kidogo. Nakunywa maji kwanza."

Akanywa maji kweli. Zamu nyingine ikapita. Alikuwa anafurahia kupita kiasi, yule mama! Hapo Bahati akaweka bidoni chini, akaja akasimama nyuma ya Papa.

"Papa, jaribu kuingia kwa nguvu," akasema. "Tuone."

Nilijua anachotafuta. Mchezo ule kwa asili ni wa vita, una njia nyingi za kuingia kwa watu kuliko nilizoweza kukumbuka nikiwa na kiazi mdomoni. Kama moja ingebaki wazi, angerudi kwenye mawese yake na mimi ningerudi Mweso peke yangu.

Papa aliondoa mkono kwenye kipanya.

"Ata mu muchezo," akasema, "siingie mu shamba ya Mama Bahati bila yeye."

Hakusema kwa kujionyesha. Alisema kama anavyosema kwamba haweki sukari kwenye maziwa. Mama Bahati aliacha kucheka akamtazama.

"Basi nipe mimi," Bahati akasema.

Alijaribu kila kitu. Aliwasukuma ng'ombe kutoka upande wa bonde, kisha wa juu. Akajaribu kukinunua kigae. Akaleta askari, akawapanga, akawaamuru waingie, halafu akawaleta wengine. Kipanya kilikuwa kimejaa mawese na kinateleza, mimi nimeuma pindo la kitenge changu hadi leo lina alama. Kila alipobonyeza, kompyuta ilimjibu sentensi moja niliyoiandika: Mwenyewe hajafungua.

"Inakataa kabisa?" akaniuliza bila kugeuka.

"Kabisa."

"Ata askari?"

"Ata askari. Ata mimi mwenye nilitengeneza."

Akajaribu mara moja tena, kwa ukaidi tu, maana Bahati ni Bahati. Kisha akakisukuma kipanya mbele ya mama yake.

"Njo hii," akasema. "Mama, fungua sasa, ng'ombe za Papa zitakufa."

Mama Bahati akafuta kidole, akabonyeza. Miti ikaondoka, ng'ombe wakaingia, maziwa ya Papa yakapanda juu. Papa akasimama akamwambia, "Asante, Mama Bahati," kwa heshima yote, na yeye akamjibu, "Karibu," na wala hakuna aliyeona ajabu.

Bahati aliingia ndani akatoka na ile fleshi. Hakuwa amefuta hata mchoro mmoja. Akakaa kando yangu, akalitoa lile blanketi langu lililochanika, akarudisha shamba la mama yake, halafu akaanza kuchora miti miwili kwenye uwazi wa ua. Nilimwambia, kwa sababu lilipaswa kusemwa, "Kaka, unisamehe. Nilifinya mbio."

"Ulifinya mbio," akakubali, akaendelea kuchora. Bahati hapakagi mtu asali. Nilikuwa na furaha kiasi cha kutaka kumbusu hata lile bidoni.

Jana tukaituma. Mchana wakajibu kwa adabu kubwa kwamba kiboresho kinapendeza, ila wamezunguka ramani yao yote na hakuna mahali kinapoweza kujengwa. Hakuna! Nilitokwa jasho. Nikatafuta kosa, Bahati akatafuta kwa simu, hatukuliona, mpaka nilipolisoma sharti la kwanza nililoliandika mwenyewe: kijengwe juu ya kilima tu, na ramani yao ya majaribio ilikuwa tambarare yote. Sikuliweka kwa makusudi. Mimi nilijua tu kwamba shamba ni kilima. Ardhi tambarare kwetu ni uwanja wa mpira, na huo wenyewe una mteremko, ndiyo maana wanaoanza upande wa juu hushinda. Bahati naye alikuwa ameupitia mstari huo bila kushtuka, kwa hiyo tulichekana sawasawa. Nikaufuta, nikatuma tena.

Na leo asubuhi, kabla ukungu haujaondoka, wakaandika: kimekubaliwa. Wameandika pia kwamba wamejaribu vigae vingi maishani mwao na hiki ndicho cha kwanza kilichowafanya wamwombe jirani kitu badala ya kumnyang'anya. Nimeisoma sentensi hiyo kwa sauti kwa mama wa sambusa. Amesema nimwonyeshe bwana harusi.

Nilimpigia Bahati. Akapiga kelele za mtu aliyefunga bao. Nyuma yake nikasikia sauti ya mama yake. "Mama anauliza kama alishinda," Bahati akasema. Nikamwambia amjibu ndiyo, alishinda, na Papa asiambiwe.

Kesho kanisani nitaimba kwa hii sauti yangu mbaya, na mwalimu wa kwaya atanitazama kwa jicho lake, na sitajali.

Limebaki jambo moja. Wale wa mkusanyo wameniuliza kama nitaitafsiri ile sentensi ambayo kompyuta inamjibu mtu anayelazimisha kuingia, kwa sababu wachezaji wao wengi hawajui Kiswahili. Nimefikiri, nimemuuliza Bahati, na tumewajibu hapana. Watajifunza maana yake wakiwa wamesimama mlangoni.